Baba alinikataza kukopa, kisha nikafungua daftari lake

Shikamoo Bi Mshauri,

Ni miaka miwili sasa tangu baba yetu atutoke. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, nina miaka 41, nina mke na mtoto mmoja wa kiume. Nyuma yangu yupo dada yangu, kisha mdogo wetu wa kiume anayefunga mlango. Mwezi ujao ukoo unakutana kumkumbuka mzee, nami kama mkubwa nimepangiwa kusimama na kueleza "mafunzo aliyotuachia baba". Nimepewa dakika kumi. Wiki ya tatu hii nimekaa na karatasi, haina hata mstari.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye chumba kimoja miaka yake yote, cherehani ileile ya kukanyaga kwa mguu, futi shingoni utadhani alizaliwa nayo. Nguo zetu za shule alizishona na pindo kubwa kwa ndani, vidole vinne, ili tukirefuka alifumue na kuliteremsha. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila kwangu alikuwa na msemo mmoja aliourudia hadi nikauota: nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilipoazima kalamu kwa mwenzangu shuleni, niliusikia. Nilipopata mshahara wa kwanza na kutaka pikipiki ya mkopo, niliusikia. Siku ya harusi yangu aliniita pembeni nikadhani ni wosia mrefu. Alinishika kola ya shati, akainyoosha, akasema, "Usikope mwanangu. Anayekudai hukuhesabia hata kucheka."

Basi nikaishi hivyo. Sikopi, siazimi, siombi. Watu husema nina roho ngumu, mimi nilijiona mwana wa baba yangu.

Miezi saba iliyopita kazini kwetu walipunguza watu, nami nikawamo. Mke wangu nilimwambia baada ya wiki tano, tena kwa sababu aliniuliza. Kabla ya hapo kila asubuhi nilivaa, nikatoka, nikakaa mahali hadi jioni. Dada yangu alipopata habari alikuja na kusema yeye na shemeji wako tayari kutushika mkono mpaka nisimame. Nikipata nitarudisha, nisipopata basi. Nilikataa. Nikamwambia, "Wewe si unajua baba alivyosema kuhusu kukopa?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia kichekesho msibani. "Baba yupi?" akauliza. "Mimi baba aliniambia mkono mmoja haulei mwana. Aliniambia, ukiona huwezi kumwomba mtu, jua umeanza kumdharau."

Tuligombana vibaya. Nikaenda kuyatafuta madaftari ya vipimo ya baba, ambayo tuliyafunga kwenye mfuko alipofariki na hakuna aliyeyagusa. Nilitaka nimwonyeshe dada kwamba mzee aliandika kila kitu na hakuwahi kudaiwa na mtu. Nikafungua moja. Kifua, mabega, mkono, kiuno, majina ya watu ambao nusu yao wametangulia. Kisha nikaona daftari lile limeandikwa pia kutoka nyuma, kichwa chini miguu juu. Kuligeuza, nikakuta madeni. Si ya wateja, yake mwenyewe. Jina la mtu, kiasi, tarehe, miaka kumi na mmoja mfululizo. Jirani yetu yumo. Fundi mwenzake yumo. Mwalimu wangu wa darasa yumo. Pembeni aliandika sababu kwa neno moja, na jina langu limo mara tisa pamoja na neno "ada". Kila deni limepigwa mstari kwa rula, wino mwekundu, na tarehe ya kulipwa. Isipokuwa la mwisho. Hilo halina mstari.

Nilikaa sakafuni, Bi Mshauri. Nimesomeshwa kwa mikopo na mtu aliyenikataza kukopa. Alinidanganya? Nikisimama mbele ya ukoo nimsifu baba yupi, wangu, wa dada, au huyu wa kurasa za nyuma?

Mdogo wetu ndiye aliyenimaliza. Nilimuuliza yeye baba alimfundisha nini, akajibu, "Mimi hakunifundisha kitu. Alinifokea tu." Na huyu ndiye aliyeshinda na baba kwenye chumba cha kushonea kuliko sisi wote, akimtilia uzi sindanoni macho ya mzee yalipoanza kuchoka.

La mwisho naona haya kuliandika. Sauti ya baba inanitoka. Maneno ninayo, sauti siipati. Mwanangu ana miaka sita, juzi kaniuliza babu alikuwa anaongeaje, nikafungua mdomo, nikaufunga. Tena naumia sasa kuliko mwaka ule wa kwanza. Ni kawaida hii?

Mtoto wa Fundi

---

Marahaba mwanangu.

Pole ya baba, na pole ya kazi. Nazitaja pamoja makusudi. Wewe barua yako imeziweka mbalimbali, kazi imepita kwa mistari michache kana kwamba ni habari ya njiani, na mimi naona ndiyo habari yenyewe. Tutafika.

Kwanza hilo neno zito, kudanganya. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Wazee haohao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sijasikia mtu akiwaita waongo. Tunajua bila kuambiwa kwamba la kwanza aliambiwa mtu anayekurupuka na la pili mtu anayelala. Baba yako alikuwa fundi, na fundi gani anawakatia watoto watatu nguo kwa kipimo kimoja? Mtoto anayeazima kalamu, kisha kwenye mshahara wa kwanza anataka pikipiki ya mkopo, mzazi anayejua deni lilivyo atamjengea uzio mapema. Dada yako hukuniambia alikuwaje utotoni. Nabashiri alikuwa yule msichana ambaye hata mzigo umemzidi hataki kupokewa. Muulize, kisha uone kama anacheka.

Sasa rudi kwenye yale maneno ya siku ya harusi. "Anayekudai hukuhesabia hata kucheka." Mwanangu, hilo halisemwi na mtu ambaye hajawahi kudaiwa. Aliyelisema ni mtu aliyewahi kunyamaza katikati ya kicheko kwa kuwa jirani fulani kapita mlangoni. Wewe uliposikia amri, yeye alikuwa anakusimulia maisha yake, bila kutaja kwamba ni yake. Mara tisa alikwenda kwa watu kwa ajili yako, na kila mara alirudi na kitu mkononi na kitu kimepungua usoni. Hakutaka uonje. Daftari halimpingi baba wa ule msemo. Linaonyesha alikoutoa.

Lakini nami sitamtakasa mzee wako kwa kuwa hayupo. Alikosea mahali. Alikupa katazo akakunyima sababu, na katazo lisilo na sababu mtoto hulibeba kama dini. Angekuita siku moja, ukiwa na miaka ishirini na kitu, akakufungulia kurasa zile na kusema, "Hivi ndivyo ulivyosoma, na hivi ndivyo nilivyolipa," ungekuwa na funzo zima. Ulipata nusu. Nusu ya pili umeikuta sakafuni, peke yako, ukiwa huna kazi. Una haki ya kumkasirikia kwa hilo, na kumkasirikia marehemu si kumvunjia heshima. Mtu hukasirika na aliye hai moyoni mwake.

Halafu nisikilize kwa makini, kwa maana hapa huenda ukaniona mkali. Kuna kitu kimoja ulirithi kwa baba yako kikamilifu, na si kile cha kutokopa. Yeye aliandika shida zake kutoka nyuma ya daftari, kichwa chini, mahali ambapo hakuna mtoto angetazama. Wewe ulivaa asubuhi wiki tano ukaenda kukaa mahali. Unaona mfanano? Hakuna siku alikuambia "ficha". Ulimtazama tu. Mafunzo mengi ya wazazi hupita hivyo, kwa namna baba anavyofunga mlango, anavyojibu akiulizwa "vipi hali?" huku mambo yamemwendea kombo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mke wako aliuona umauti wa siri hiyo kabla hujafungua mdomo, ndiyo maana akauliza. Na mwanao wa miaka sita? Hana habari na ule msemo. Yeye anakutazama unavyovaa.

Kuhusu baba watatu. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alichapisha mwaka 1932 majaribio ambayo nayapenda kwa urahisi wake. Aliwapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, ngeni masikioni mwao, kisha akawataka waisimulie, na waisimulie tena baada ya muda. Kila iliporudiwa ilifupika. Yasiyoeleweka yalidondoka, mitumbwi ikageuka mashua za kawaida, na msimulizi hakujua kwamba amebadilisha chochote. Kumbukumbu haikai kabatini ikingoja kutolewa kama ilivyowekwa. Kila unapoitoa unaishona upya, kwa kitambaa ulicho nacho siku hiyo.

Tazama basi kilichobaki kwako. Sentensi mbili. Sentensi fupi yenye vina vya methali hudumu kuliko kitu chochote, inajirudia yenyewe, haihitaji uangalizi. Miaka ya baba imedondoka, sentensi ikabaki, ukaanza kudhani baba ni sentensi. Dada naye kabaki na yake. Mkikutana mnarushiana sentensi kama mawe, na mzee mwenyewe hayumo kwenye ugomvi wenu hata kidogo.

Aliyemo ni kwa mdogo wako. Ndiyo, yule aliyefokewa. Umemuuliza swali baya. Ukimuuliza mtu "ulifundishwa nini?" anatafuta methali, na yeye hakupewa. Muulize aliona nini. Baba alifanyaje mteja akija na kitambaa kibovu alichouziwa kwa ulaghai? Mteja akichukua nguo asirudi kulipa, mzee alisemaje baada ya mlango kufungwa? Aliwahi kufumua kazi ambayo mteja alikwisha kuisifu? Na muulize hili hasa: alikuwa anakufokea nini? Ukifokewa kila siku kwa mshono uliopinda, kuna mtu anakuonyesha mshono ulionyooka kila siku. Huyo kijana alikaa hatua moja kutoka kwenye mikono ya baba yenu miaka yote ambayo wewe ulikuwa darasani kwa ile ada. Sisemi hakuumia. Kufokewa huuma, na inawezekana mzee alimfokea kwa sababu macho yalikuwa yanamwishia na aliogopa. Mwache aseme na hilo pia.

Ndiyo maana hotuba yako ningeigawa. Dakika kumi ni nyingi kwa mtu mmoja aliyekwama. Mpe mdogo wako azungumzie chumba cha kushonea. Mpe dada yako lile la mkono mmoja haulei mwana. Wewe simulia kola ya shati siku ya harusi, kisha eleza kwamba miaka mingi ulidhani umeelewa. Ukitaka kutaja daftari, wakae kwanza wadogo zako walisome, wakubaliane nawe, na majina ya waliokopesha yabaki ndani ya daftari. Deni ni siri ya watu wawili, mmoja wao hayupo kutoa ruhusa. Wala usiseme "baba alitufundisha" zaidi ya mara moja. Ukoo umekuja kumwona mzee akiingia mlangoni na futi shingoni, basi mwingize. Lile pindo la vidole vinne, kwa mfano, mimi sijamjua baba yako lakini hapo nilimwona. Mtu aliyekata nguo ya mwanawe akijua kabisa kwamba haitamtosha mwakani, akaacha kitambaa ndani. Umerefuka sasa. Sidhani kama angeshangaa kukuona unafumua.

Unauliza kama ni kawaida kuumia zaidi mwaka wa pili. Sigmund Freud, yule tabibu wa Vienna aliyechunguza mambo ya nafsi, alifiwa na baba yake Oktoba 1896, akiwa na miaka 40, karibu rika lako. Mwaka 1908 bado alikuwa anaandika kwamba hakuna tukio kubwa wala msiba mzito kwa mwanaume kama kifo cha baba yake. (Sikubaliani na mengi ya Freud, na hapo hakuwauliza mabinti, lakini hilo alilisema kutoka kifuani.) Miaka kumi na miwili baadaye, na yeye ndiye tabibu. Kwako naona sababu iliyo wazi zaidi. Hii ndiyo shida yako kubwa ya kwanza bila yeye. Ulipofiwa ulikuwa na kazi, na shughuli, na watu wa kupokea. Ulipopoteza kazi ukageuka kumtafuta mtu wa kumwambia, ukakuta kiti kitupu. Umefiwa mara ya pili.

Kuna mpaka, hata hivyo, nisije nikakutuliza kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limetambua majonzi yaliyopitiliza: mtu kumtamani au kumwaza marehemu karibu muda wote, kwa uchungu mkali, kwa zaidi ya miezi sita na kupita desturi za watu wake, kiasi kwamba kazi, nyumba na mahusiano vinasimama. Barua yako hainionyeshi hilo. Inanionyesha mtu anayekasirika, anayegombana, anayeuliza. Ila ukijikuta hulali wiki baada ya wiki, au dunia imekuwa haina maana kwako, usiniandikie mimi, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, na umwambie mkeo unakwenda.

Sauti nayo ina njia. Wengi wanaoniandikia hulia kwamba sauti imepotea huku sura ipo, kwa hiyo uondoe hiyo haya. Tafuta simu za zamani, zako na za ndugu, ujumbe wa sauti mara nyingi umelala humo. Waulize waliopiga video harusi yako. Mzee hakuwa msemaji, lakini alikohoa, alimwita mtu, alisema "sogea" nyuma ya kamera. Ukiipata iweke mahali pawili tofauti siku hiyohiyo. Na usipoipata, kila familia ina mtu mmoja anayejua kumwigiza marehemu, na nimeona mara nyingi ni yuleyule aliyefokewa sana. Siku moja mkiwa wenyewe mwombe mdogo wako amfokee mwanao kwa sauti ya babu. Mtoto atacheka, nyinyi wawili huenda msicheke, na sauti itakuwa imerudi nyumbani.

Imebaki dada. Umemweka marehemu mlangoni kama mlinzi, dada yako akibisha unamwambia mlinzi hataki. Mzee hakusema hivyo, na kurasa za nyuma zinakushuhudia. Nenda kwake, wewe mwenyewe, usitume mtu wala ujumbe. Mwombe radhi kwa ule ugomvi, kisha pokea. Najua atasema si deni. Wewe lichukue kama deni, nunua daftari, andika kiasi na tarehe, na uliandike kutoka mbele, mahali mkeo anaweza kuliona. Usikimbilie kulipa ili ujione huru, lipa utakapoweza.

Na lile deni la mwisho, lisilo na mstari. Hukuniambia ni la nani wala la kiasi gani, umelipita haraka, nami nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Kwa sheria za nchi nyingi deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha, mwana hadaiwi mfukoni mwake, kwa hiyo sikutumi ukalipe huku huna kazi. Nakutuma ukaulize. Huenda lilisamehewa na baba akaona aibu kupiga mstari juu ya pesa ambazo hakuzilipa. Huenda alilipa na mikono ilikuwa imeshachoka kushika rula. Huenda bado lipo, na mtu huyo amenyamaza miaka miwili kwa heshima yenu. Kama yu hai, au wanawe wapo, nendeni watatu kabla ya siku ya ukoo, mkae, mlifungue daftari mbele yake. Mwambie aanze mwanzo, siku baba alipokuja mlangoni kuomba, alikuja saa ngapi na alisema nini.

Chukueni na kalamu nyekundu, na mdogo wako ndiye ashike rula. Ukirudi niandikie, nataka kujua mzee aliombaje.